Baba ana santuri, binti ana shilingi 30,000: kuchagua mashine ya kwanza Kisumu

Kisa hiki ni cha familia moja ya Migosi, Kisumu. Nakiandika kwa ruhusa yao, majina nimeyaacha. Anayetafuta mashine ya kuchezea santuri ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye santuri ni baba yake, mzee aliyestaafu zamani kutoka reli na ambaye sasa anaishi kwa bintiye. Mzee alinunua santuri zake miaka ya 1970, moja moja, kila mshahara ulipotoka. Redio-gramu ya nyumbani ililiwa na mchwa ikatupwa, lakini sanduku la santuri hakukubali liguswe. Kwa miaka mingi hakuna aliyesikia kilichomo.

Mwalimu alikuwa ametenga shilingi 30,000 na alikuwa na mashine tatu akilini. Ya kwanza ni ile inayofungwa kama mkoba, ina spika zake ndani, rangi zinapendeza na bei iko chini kuliko zote. Ya pili ni ya bure: kaka yake aliye Marekani alipata mashine ya zamani ya santuri, inayozungushwa na mkanda, ya mbao, nzuri mno kwa macho, akaahidi kuja nayo Desemba. Ya tatu ni Audio-Technica AT-LP60X mpya, ambayo mwenzake shuleni alimwambia ni ya wanaoanza. Swali lake lilikuwa fupi: "Nichukue ipi?"

Nilimwomba kwanza tufungue sanduku. Naamini kabisa kwamba mashine ya kwanza huchaguliwa na santuri zenyewe, kisha na mkono utakaoitumia, kisha na umeme wa mahali ulipo. Sura ya mashine na maneno ya muuzaji huja nyuma ya hayo yote. Kijana anayeanza leo na santuri mpya za dukani, akiharibu moja ataagiza nyingine. Mzee huyu hana nafasi hiyo. Santuri ya bendi ya Nyanza iliyotolewa na kampuni ndogo ya muziki nusu karne iliyopita, nakala chache, pengine haitachapwa tena kamwe. Kwa hiyo kipimo changu katika kisa hiki kilikuwa kimoja: mashine ipi itazitunza hizi?

Kilichokuwamo sandukuni

Tulikuta santuri ndogo za inchi 7 karibu sitini, LP (zile santuri kubwa za nyimbo nyingi) kumi na mbili, na nne nzito za inchi 10. Zile ndogo ndizo roho ya sanduku. Kulikuwa na benga ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani na ya Victoria Jazz, kadhaa zenye jina la P. O. Kanindo, yule mtayarishaji ambaye benga aliyoisambaza ilienea mpaka Zimbabwe, watu wa huko wakaliita pigo lenyewe kanindo. Kulikuwa na rumba za Kongo, na za Kiswahili za bendi zilizokuwa na makao Nairobi. Kwenye lebo nyingi Mzee aliandika jina lake kwa kalamu ya wino, ili zikiazimwa zirudi.

Nilichukua moja nikaiinamisha mbele ya dirisha, mwanga ukapita juu yake kwa mshazari. Santuri ambayo haijachoka hung'aa kama mafuta. Iliyochoka huwa na wingu la kijivu juu ya mitaro ambamo sindano hupita, hasa pale ambapo sauti ilikuwa kubwa. Za Mzee zilikuwa za kila namna: nyingine kijivu upande wa A na safi upande wa B, nyingine kinyume. Nikapitisha ukucha polepole kwenye mkwaruzo mrefu wa moja, ukucha haukukwama. Mkwaruzo usionasa ukucha mara nyingi utasikika tu, hautairusha sindano.

Mzee alikuwa akitazama. Alizishika kwa ukingo na kwa lebo, kidole hakikugusa mitaro hata mara moja. Lakini mkono wake wa kulia unatetemeka, na ana mtoto wa jicho. Hilo nililiandika juu ya kila kitu kingine.

Sababu ni hii. Santuri ndogo hucheza dakika chache tu kila upande, na benga ya enzi hizo iligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Maneno utayasikia upande A, lakini gitaa linapofunguka na besi inapokaza mwendo, mara nyingi ni upande wa pili. Asiyegeuza amekosa utamu. Kwa hiyo mtu wa LP huinua na kushusha mkono wa mashine kila baada ya dakika ishirini hivi, ilhali mtu wa santuri za benga hufanya hivyo mara nyingi ndani ya saa moja. Kila kushusha ni nafasi ya sindano kuteleza na kukwaruza. Kwa mkono unaotetemeka, hapo ndipo hatari ilipo, kuliko jambo lolote ambalo wauzaji hulizungumzia.

Zile nne nzito zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki, utomvu mgumu unaovunjika, za kabla ya vinili, plastiki ya santuri za baadaye, kushika soko. Ni kitu tofauti kabisa. Mtaro wake ni mpana, unataka sindano pana karibu mara nne kuliko ya santuri za mizunguko 45 na 33. Ukiweka sindano nyembamba, inagugumia chini ya mtaro, unasikia kelele kuliko wimbo, na shelaki yenyewe, iliyochanganywa na unga wa mawe, inaila sindano. Nikamwambia Mwalimu waziwazi kwamba zile nne tusiziruhusu zituchagulie mashine ya zile sabini. Alisita, kwa sababu moja ilikuwa ya babu yake. Mzee ndiye aliyekata shauri: "Zikae. Hizo hata mimi nilizikuta."

Ile ya mkoba

Nauelewa mvuto wake. Inafika ikiwa kamili, huhitaji kununua spika wala waya. Lakini tazama mkono wake. Nyingi za aina hii hutumia katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya seramiki, ambayo hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 hadi 6, na mkono hauna namna ya kurekebishwa. Katriji ya sumaku katika mashine ya kawaida hufanya kazi kwa gramu 2 hivi, nyingine hadi 3 na nusu. Sindano ya seramiki ya bei nafuu mara nyingi si almasi bali yakuti ya kutengeneza, ambayo huchakaa upesi, na sindano iliyochakaa ni patasi ndani ya mtaro. Spika nazo zimo ndani ya sanduku lilelile, zikitikisa sinia ambalo santuri inazunguka juu yake. Besi ikipanda, sindano inaruka.

Lazima niseme haki: kuicheza santuri mara moja kwenye mashine hiyo hakutaiua. Redio-gramu za zamani zenyewe zilikuwa na mikono mizito, na wingu la kijivu tuliloliona dirishani lilitokana na hizo. Ndiyo maana nasema kilichobaki kwenye mitaro hiyo kinastahili mkono mwepesi zaidi sasa. Tangazo pia lilisema mashine inacheza kasi tatu, 78 ikiwamo. Kasi ipo, ndiyo. Sindano ni ileile moja nyembamba.

Hiyo tuliiondoa mapema.

Ile ya bure kutoka Marekani

Hapa tulikaa kwa muda mrefu, kwa sababu kaka alikuwa ameshaisafisha na kuipiga picha, na hakuna anayependa kumkatalia ndugu zawadi. Nilimwomba Mwalimu amtumie ujumbe: apige picha kibandiko cha nyuma. Kikaja: volti 120, Hertz 60, na ndani mota ya AC ya kawaida.

Watu wengi hapa wanajua habari ya volti. Umeme wetu ni 240, wa Marekani ni 120, unanunua transfoma ya kupunguza, mambo yamekwisha. Jambo ambalo halisemwi madukani ni Hertz. Umeme wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Transfoma hubadilisha volti tu; Hertz zinapita kama zilivyokuja. Na mota ya AC ya mashine nyingi za zamani hufuata Hertz kama askari anavyofuata ngoma ya gwaride: ngoma ikipungua, hatua inapungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Hamsini kwa sitini ni sehemu tano za sita. Kwa hiyo 45 itazunguka 37.5, na 33 na theluthi itazunguka takriban 27.8. Sauti itashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Mwimbaji wa benga mwenye sauti nyembamba ataimba kama mtu aliyelala, gitaa litaburura miguu. Hakuna kitufe cha kulirekebisha hilo.

Kuna njia za kutokea. Mashine yenye mota ya DC (umeme usiopigapiga) au inayoongozwa kwa kioo cha kwatzi haijali Hertz. Hiyo ukitatua volti imetosha. Nyingine za zamani zilitengenezewa puli (gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda) ya akiba ya Hertz 50, kubwa kwa sehemu moja ya tano kuliko ya Hertz 60, na ukiipata unaibadilisha tu. Ya kaka haikuja na puli hiyo. Fundi wa kuchonga vyuma angeweza kujaribu kuichonga, lakini puli iliyopinda hata kwa unywele itasikika kama wimbo unaoyumba, na kwa mashine ya kwanza ya mtu asiyewahi kuwa na mashine, sipendi kuanza safari kwa kuchonga.

Tena mashine hiyo ilikuwa ya kushusha sindano kwa mkono. Kwa Mwalimu, sawa. Kwa Mzee, hapana. Na mashine hii ni ya nani hasa?

Nilimshauri amwambie kaka ukweli wote, pamoja na hesabu, asimwambie tu "hatuihitaji". Kaka alielewa mara moja, akauliza asaidie vipi. Jibu likawa: lete sindano za akiba.

Neno kuhusu za Ex-UK

Kabla ya kufika kwenye ile mpya, nilimweleza njia ya nne ambayo hakuwa nayo akilini. Maduka ya vyombo vya Ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza, hupokea mashine za santuri mara kwa mara, na vyombo vya Uingereza vina faida moja kubwa kwetu: Hertz zao ni 50 kama zetu, volti zinakaribiana na zetu, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Unachomeka tu. Kwa mtu mwenye mkono mtulivu na subira ya kutafuta, mimi ningemwelekeza huko, kwa sababu kwa pesa ileile anaweza kupata mkono wenye uzani wa kurekebishwa na katriji ya kubadilishwa.

Ila akague. Aushike mkono wa mashine kwa ncha ya kidole aone kama unaelea huku na huku bila kukwama. Auvute mkanda: ukiwa umelegea kama utepe wa kaptula ya zamani, kasi itayumba. Na sindano ya mitumba aihesabu kuwa imekufa, hata muuzaji aape. Anunue mpya kabla santuri yoyote haijawekwa. Pesa ya kwanza ni ya sindano.

Kwa nini ile ya otomatiki

Wapenzi wa santuri wengi huidharau AT-LP60X. Mkono wake haurekebishwi, katriji haibadilishwi kwa nyingine bora, na ukikua utaiacha. Hayo yote ni kweli. Lakini wengi wa wanaoyasema wana macho mazuri na mikono isiyotetemeka.

Mashine hii unachagua kasi, unachagua ukubwa wa santuri, inchi 7 au 12, unabonyeza kitufe. Mkono unajiinua, unasogea, unashuka taratibu penyewe kwenye mwanzo wa mtaro. Upande ukiisha unarudi na sinia linasimama. Mzee hagusi sindano hata siku moja. Kazi yake inabaki ile anayoiweza na anayoipenda, kugeuza upande. Katriji yake ni ya sumaku, sindano ni ya almasi, uzito wake ni gramu tatu hivi, nayo sindano ikichakaa unaichomoa kwa vidole na kuweka nyingine bila bisibisi. Umeme unaingia kwa adapta ya volti 12 za DC, kwa hiyo Hertz zetu haziigusi kasi.

Kwa santuri hizi, kwa mkono huu, hiyo ndiyo niliyochagua, na ningemchagulia tena.

Dosari moja niliitaja kabla ya kununua. Mashine nyingi za otomatiki hujua wimbo umekwisha kwa jinsi mkono unavyosogea karibu na lebo. Santuri ndogo iliyojazwa muziki mpaka karibu na lebo inaweza kuufanya mkono urudi mapema, sekunde za mwisho zikakatwa. Kwa hiyo tulipoijaribu tulianza na ile iliyokuwa na mitaro mingi kuliko zote. Ilimaliza.

Wufa ya sebuleni

Mwalimu alidhani lazima anunue spika. Nyumbani kulikuwa na wufa ya kawaida, yenye spika mbili ndogo na tundu mbili za nyuma, nyekundu na nyeupe, zilizoandikwa AUX. Hiyo inatosha kuanzia.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba katriji ya sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, na tena sauti yenyewe imepikwa: wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyokubaliwa miaka ya 1950, ili mitaro isiwe mipana mno. Lazima kiwepo kifaa cha kuirudisha sauti katika hali yake na kuikuza kidogo, ndicho priampu. AT-LP60X inayo ndani, pamoja na swichi ya nyuma yenye maneno PHONO na LINE. Ukiichomeka kwenye AUX, swichi iwe LINE. Ikiwa PHONO utasikia sauti ya mbali, nyembamba, isiyo na besi, na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Nimeona watu wakirudisha mashine nzima dukani kwa swichi hiyo.

Jambo la pili: mashine isikae juu ya wufa. Sebule nyingi zetu zina meza moja ya televisheni, na wufa ina mgongo bapa unaokaribisha kitu. Besi itapanda kwenye sinia, sindano itaichukua, itarudi kwenye wufa, na baada ya muda mfupi utasikia mngurumo unaojilisha wenyewe. Tulitafuta rafu ya ukutani, upande wa pili wa chumba, tukahakikisha iko sawasawa kwa kuweka bakuli la maji na kutazama ukingo.

Na Kisumu ni Kisumu. Alasiri mawingu yakikusanyika ziwani na radi ikianza, adapta inatoka ukutani. Siyo kuzima tu kwenye soketi, inatoka.

Kuosha

Hakuna santuri iliyopanda kwenye mashine kabla ya kuoshwa. Vumbi la miaka mingi ni msasa. Tulitumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri, yale safi, kamwe si asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Unafuata mduara wa mitaro, hukati katikati, lebo unaikinga kwa kiganja. Kisha maji yenyewe bila sabuni, kisha unazisimamisha kwenye kikaushio cha sahani, kivulini. Jua la mchana la Kisumu litaikunja vinili kama chapati. Zile za shelaki tulizifuta kwa kitambaa kikavu tu. Spiriti isizikaribie, huyeyusha shelaki.

Santuri kadhaa zilikuwa na tundu kubwa katikati, milimita 38, na hizo zinataka kile kipete cha plastiki kinachokuja na mashine. Kisipotee. Mwalimu alikifunga kwa uzi kwenye mguu wa rafu.

Ilivyokwenda

Mashine ilichukua sehemu kubwa ya zile 30,000. Iliyobaki ililipia sindano ya akiba, kinga ya umeme, na mifuko mipya ya karatasi kwa santuri zilizokuwa uchi. Kaka naye alileta sindano mbili zaidi Desemba, kwa hiyo nyumba ile ina sindano za miaka. Nilimwomba Mwalimu aandike kwenye kalenda siku ya kwanza ya kila sindano, kwa sababu almasi ina maisha ya mamia ya saa tu, na sikio huzoea uchakavu polepole bila kutambua.

Wiki ya kwanza Mzee alilalamika kwamba baadhi ya nyimbo zinakimbia. Tukaweka simu juu ya sinia ikiwa na programu ya kupima mizunguko: ilisoma 45 vizuri. Nilimuuliza redio-gramu ya zamani ilikuwa vipi. Bintiye akacheka, akasema, "Baba, ile ilikuwa ikichoka." Inaelekea kwa miaka hiyo yote alizisikia polepole kidogo. Akazisikiliza tena, akasema basi ndivyo zilivyopigwa.

Swali linalobaki ni la zile nne za 78. Mwalimu anataka moja, ile ya babu, isikike angalau mara moja na irekodiwe. Hilo linawezekana bila kununua mashine ya pili: apate mtu mwenye mashine yenye kasi ya 78 na sindano yake pana, aipeleke mwenyewe akiwa ameishika mapajani, kwa sababu shelaki huvunjika kama kigae, na amwone yule mtu akibadilisha sindano kabla ya kuiweka. Kama hana sindano hiyo, arudi nayo nyumbani.